Potasiamu Ikishuka, Moyo Huonyesha

Potasiamu ni madini yanayosaidia misuli kufanya kazi, na moyo nao ni msuli. Kiwango cha kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Kikishuka chini ya 2.5, hali ni ya hatari.

Wanaopungukiwa mara nyingi ni walioharisha au kutapika sana, na wanaomeza dawa za presha zinazokojoza, kama furosemide. Mgonjwa huchoka, miguu hulegea, misuli hubana, choo huwa kigumu na moyo humwenda mbio. Wengine hawahisi lolote.

Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, huchora mawimbi yenye majina ya herufi. Potasiamu ikipungua, wimbi la T hulala, sehemu ya ST inayolitangulia hushuka, na baada ya T huchomoza wimbi la U. Mapigo yanaweza kuvurugika hadi moyo ukasimama, hasa kwa anayetumia digoxin. Lakini mchoro ukiwa sawa si hakikisho; damu ipimwe, pamoja na magnesiamu, kwani hiyo ikiwa chini potasiamu haipandi kwa urahisi.

Ndizi, madafu, maharagwe na mchicha vina potasiamu, ila upungufu mkubwa hutibiwa hospitalini. Dawa ya mshipani hutiririshwa polepole, kamwe haidungwi kwa mkupuo. Mwenye maradhi ya figo asijitibu kwa madafu: potasiamu ikizidi nayo huua. Na usiache dawa zako za presha kabla ya kumuuliza daktari.