Msondo Ngoma: Bendi Moja, Majina Manne

Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 jijini Dar es Salaam ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya NUTA, chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka huohuo kwa sheria, baada ya maasi ya jeshi ya Januari na kuvunjwa kwa shirikisho la vyama vilivyokuwepo. Ilikuwa miongoni mwa bendi za kwanza nchini kumilikiwa na taasisi ya umma. Umiliki huo ndio ulioamua nani aingie bendini na nani aondoke, na ndio pia uliofanya bendi isife kila waimbaji wake walipohama.

Bendi za dansi zilizotangulia zilikuwa za vilabu. Wanachama walichanga fedha za kununua vyombo, na wengi wao walikuwa na kazi nyingine mchana. NUTA ilileta mpango tofauti: mwanamuziki aliajiriwa na kulipwa mshahara wa mwezi, na vyombo vikawa mali ya chama. Aliyeacha kazi aliondoka na sauti yake na vidole vyake tu. Gitaa, amplifaya, drams na saksafoni vilibaki stoo vikimsubiri mtu mwingine. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa historia nzima ya bendi hii, kwa sababu hakukuwa na mwanamuziki, hata awe nyota wa namna gani, aliyeweza kuivunja kwa kuondoka na vyombo.

Muhiddin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyekwishapitia Kilwa Jazz, aliingia NUTA katika siku hizo za mwanzo. Bendi ikachukua mtindo wa Msondo, jina la ngoma ya Wazaramo inayohusiana na unyago wa wasichana, na watu wa mjini wakalielewa mara moja. Mtindo ulikuwa kitambulisho cha kila bendi ya Dar es Salaam. Vijana Jazz ya Kinondoni ilikuja kuwa na Pamba Moto. Maquis, bendi yenye asili ya Kongo iliyojaza ukumbi wa Lang'ata hukohuko Kinondoni, ilijulikana kwa Kamanyola. Mwaka 1973 redio ya taifa ilipoagizwa kupiga muziki wa Kitanzania tu, bendi za nyumbani zilisikika karibu kila saa, na sauti za waimbaji zikafahamika hata vijijini ambako hakuna aliyewahi kuwaona.

Mwaka 1977 NUTA iligeuzwa kuwa JUWATA, na bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Mtikisiko mkubwa ulifuata mwaka 1978. Shirika la usafiri na teksi, TTTS, liliunda bendi katika baa ya Mlimani Park, na kiini chake kilikuwa watu waliotoka bendi ya Dar International na JUWATA: Abel Balthazar na Joseph Mulenga kwenye magitaa, Michael Enoch, Cosmas Tobias Chidumule, na juu ya wote Gurumo pamoja na Hassan Rehani Bitchuka. Kuondoka kwa wawili hao kuliacha pengo la pekee. Gurumo aliimba kwa sauti nzito iliyotulia, Bitchuka kwa sauti nyembamba ya juu, na zilipopanda pamoja kwenye kiitikio, msikilizaji alijua ni bendi gani kabla magitaa hayajaanza chemko, sehemu ya wimbo inayochezwa kwa kasi. Sauti hizo mbili zikahamia Mlimani Park, iliyoanzisha mtindo wa Sikinde, nao wa ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1983 bendi hiyo ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC.

JUWATA haikufunga duka. Mpiga gitaa Said Mabera alibaki, na uaminifu wake unastahili kutajwa zaidi ya unavyotajwa, kwa kuwa magitaa yaliyosukwa kwa mkono uleule ndiyo yaliyoufanya Msondo uendelee kusikika kama Msondo. Waimbaji wapya walitafutwa, akiwemo TX Moshi William, ambaye baadaye akawa sauti kuu ya bendi. Hivyo jiji likawa na bendi mbili zenye damu moja, na wapenzi wakagawanyika kama wa Simba na Yanga. Zilipokutanishwa jukwaa moja, watu walikwenda kusikia nani angemfunika mwenzake.

Sikinde, kama Mlimani Park ilivyokuja kuitwa, nayo ilionja ilichowaonjesha wenzake. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alichukua wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo, wakiwemo Gurumo, Bitchuka na Balthazar, wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Tajiri binafsi aliweza kulipa zaidi ya shirika la umma, na mwanamuziki asiyepata chochote cha maana kutokana na nyimbo zake kupigwa redioni hakuwa na sababu ya kukataa. Kuwaita watu hao wasaliti, kama walivyofanya baadhi ya wapenzi, ni kuwaonea. Baadaye Bitchuka alirudi Sikinde, na Gurumo akarejea kwenye bendi yake ya zamani, Msondo.

Wakati huo jina lilikuwa limebadilika tena. Mwaka 1991 JUWATA iliipisha OTTU, shirika jipya la vyama vya wafanyakazi, na bendi ikawa OTTU Jazz. Mashirika ya umma yalikuwa yakibanwa au kuuzwa, na bendi zake nyingi zilipotea, Bima Lee ya Shirika la Bima ikiwa mojawapo. Kisha zikaja redio binafsi na muziki wa kizazi kipya. Ulezi wa chama ulipokwisha, wanamuziki waliichukua bendi mikononi mwao, na jina la mtindo likawa jina lenyewe: Msondo Ngoma. Sasa riziki ilitoka mlangoni, kwa viingilio vya Amana kule Ilala, TCC Club Chang'ombe wilayani Temeke, na kumbi nyingine zilizowaalika.

Safari hii waliopunguza safu hawakuwa matajiri wenye fedha. TX Moshi William alifariki mwaka 2006. Gurumo alistaafu mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014. Shaaban Dede, mwimbaji aliyepita Msondo, Bima Lee na Sikinde, alifariki mwaka 2017. Kila baada ya msiba bendi ilirudi jukwaani na mwimbaji mwingine, nyimbo za marehemu zikaendelea kuombwa na kuchezwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilipitishwa wakati sehemu kubwa ya nyimbo hizo ilikuwa imekwisharekodiwa Radio Tanzania. Kanda hizo ziko chini ya shirika la utangazaji la taifa, na watunzi wake, au warithi wao, wanastahili kulipwa kila zinapopigwa.