Kijiji cha Makumbusho: zile nyumba aliezeka nani?

Wadau, konda akipiga kelele "Makumbusho hapo, wa Makumbusho washuke!" wengi wanaoshuka hawawazi makumbusho yoyote. Wanawaza stendi, ofisi, chipsi kuku. Lakini kituo, stendi na hata kata yenyewe vimepata jina kutokana na uzio mmoja kando ya barabara ya Bagamoyo, karibu kabisa na lile jengo refu la ghorofa, na ndani ya uzio huo kuna nyumba za udongo, miti na nyasi. Ndiyo Kijiji cha Makumbusho, sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Pengine ni mahali pekee Dar ambapo baba anaweza kumwonyesha mtoto wake wa Sinza msonge wa Wahaya bila kukata tiketi ya basi la Bukoba.

Ile nyumba mama ya makumbusho iko mjini, mtaa wa Shaaban Robert. Ilianzishwa mwaka 1934, ikafunguliwa kwa watu mwaka 1940, tena ikapewa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Ni makumbusho ya kabati za vioo: unatazama, unasoma kibao, unasogea. Humo ndimo linamoheshimiwa lile fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai. Tarehe ya kupatikana kwake inajulikana, 17 Julai 1959, na aliyeliona anajulikana, Mary Leakey. Mwenye fuvu mwenyewe, wa miaka kama milioni 1.75 iliyopita, kapewa jina na hata la utani analo. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kijiji kilikuja baadaye, mwaka 1967, kwa wazo tofauti kabisa. Badala ya kuweka chungu ndani ya kabati, unajenga nyumba nzima ambamo chungu kile kilikaa, na jiko lake, na ghala lake, na zizi lake. Kuna msonge, unaoezekwa nyasi kuanzia kileleni mpaka karibu na ardhi. Kuna tembe la Wagogo, refu, paa bapa la udongo. Kuna nyumba ya Wazaramo, ya Wachagga na nyinginezo, kila moja kwa ufundi wa kwao.

Sasa angalieni mwaka wenyewe. 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Miaka michache tu mbele, serikali ileile ikaanza kuhamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa. Operesheni Dodoma ilianza karibu na mwaka 1970, na ilipofika katikati ya muongo ule watu walikuwa wamehamishwa karibu nchi nzima. Vijijini walihimizwa kujenga nyumba bora, za kisasa, zilizopangwa kwa mistari. Kwa hiyo huku Kijitonyama tembe linatunzwa kama urithi wa taifa, kule Dodoma mwenye tembe anaambiwa aliache. Sisemi kwamba kuna aliyekaa akapanga kejeli hiyo. Wapo waliohama kwa hiari na wakapata shule na maji. Ila mgogo aliyekuja mjini miaka ile na kukuta nyumba kama ya babu yake inalipiwa kiingilio, nadhani alicheka kidogo, halafu akanyamaza.

Tena nyumba hizi si kama fuvu. Fuvu ukilifungia linakaa. Tembe lilibuniwa kwa nchi kavu, na Dodoma hupata kama nusu tu ya mvua ya Dar. Dar mwaka mmoja unaweza kunyesha milimita elfu moja na zaidi, na masika yetu mnayajua, Jangwani yenyewe inafungwa. Paa bapa la udongo chini ya mvua ya namna hiyo ni kazi ya kurudia na kurudia. Nyasi nazo zinaoza, na mchwa hawajui kama mti huu ni mali ya taifa. Maana yake kijiji hiki kinaishi pale tu anapopatikana mtu anayejua kukata nyasi gani, kufunga vipi, kuanzia wapi. Msonge huusomei kitabuni ukaamka kesho ukaujenga. Unamhitaji mzee aliyeujenga, na kijana aliye tayari kumshikia kamba.

Hapo ndipo shughuli za watu zinapoingia, na mimi nasema ndizo zilizokiokoa kijiji kisigeuke magofu. Kuna ngoma za wikendi, wanafunzi wanaoshushwa na mabasi ya shule, wachongaji na wasusi wanaofanya kazi mbele ya macho yako. Na kubwa kuliko zote, Siku ya Utamaduni wa Mtanzania, iliyoanza miaka ya 1990. Mtindo wake ni kwamba jamii moja inapewa uwanja: watu wake waishio Dar wanajipanga, wanaleta wazee kutoka nyumbani, wanapika, wanacheza, wanaonyesha harusi zao zinavyokwenda. Hawaji kutazamwa tu, wanakuja kama wenyeji. Mtani akitokea, utani unaanza. Mnyamwezi na Mzaramo mnawajua wakikutana, hata msibani hawaachani.

Watoto siku hizo wanapata kitu ambacho kibao hakitoi. Mtoto anamuuliza bibi wa watu, "Bibi, mlilala na ng'ombe humu ndani?" na bibi anajibu kwa kirefu, na moshi ulivyokuwa, na chui, na kwa nini mlango ni mfupi. Mzazi naye anasikia kwa mara ya kwanza. Tusidanganyane, wengi wetu wa mjini hatuna cha kuwaambia watoto kuhusu nyumba ya babu zaidi ya "ilikuwa ya udongo".

Ndio nirudi kwenye fuvu. Nyumba za kijijini pale zinatajwa kwa kabila: ya Wahaya, ya Wagogo, ya Wazaramo. Kabila haliezeki. Aliyeezeka ni mtu, alikuwa na mkono wake, na fundi mwenzake akitazama lile fundo angeweza kumtambua. Wapiga ngoma wa miaka hamsini na kitu, akina mama waliosiriba zile kuta, wazee waliopanda basi siku nzima kuja kusema "hapana, boriti hii haikai hivi", majina yao hayasikiki popote. Bado wapo watoto na wajukuu wao, wengine wanashuka kituo hichohicho kila asubuhi. Mkienda na familia, mkimaliza kupiga picha mlangoni mwa msonge, muulizeni anayewatembeza: safari ya mwisho hili paa liliezekwa na nani, na alifundishwa na nani?