Mfuko wa Bogotá

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kati ya madaktari wote namheshimu zaidi Oswaldo Borráez. Mwaka 1984, katika Hospitali ya San Juan de Dios jijini Bogotá, Kolombia, alikutana na tumbo lisilofungika: utumbo umevimba, na kulifunga kwa nguvu kungebana mapafu na figo. Akachana mfuko mtupu wa dripu, akautandaza juu ya utumbo, akaushona kwenye kingo za jeraha. Plastiki ile hainati, tena inaonyesha ndani. Ukisimama kando ya kitanda unaona kama utumbo ungali wa waridi au umeanza kuwa mweusi. Kenneth Mattox, Mmarekani, ndiye aliyeupa mfuko huo jina la mji. Siku hizi, kwa matumbo kama hayo, zipo mashine za kufyonza majimaji ya jeraha. Nzuri, ila bei yake, mh!