Udhaifu Uliojulikana: Mnyoo wa Morris wa 1988 na Changamoto ya Usalama wa Taarifa katika Utengenezaji wa Programu

Tarehe 2 Novemba 1988, programu ndogo iliachiliwa katika mtandao wa intaneti kupitia kompyuta ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, nchini Marekani. Mwandishi wake, Robert Tappan Morris, alikuwa mwanafunzi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Cornell. Programu hiyo, iliyokuja kuitwa mnyoo wa Morris, ilijinakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kwa kuwa ilizivamia tena na tena kompyuta zilezile, ilizilemea hadi zikashindwa kufanya kazi. Makisio yanayotajwa sana ni kompyuta 6,000 kati ya takribani 60,000 zilizokuwa zimeunganishwa wakati huo. Tukio hilo huelezwa mara nyingi kama dharura isiyotarajiwa. Insha hii inajenga hoja tofauti: udhaifu mkuu uliotumiwa ulikuwa umekwisha kujulikana, ila hapakuwa na aliyekabidhiwa wajibu wa kuuondoa.

Mnyoo huo ulikuwa na njia kadhaa za kuingilia. Njia mojawapo ilikuwa sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe, iliyokuwa na hali ya majaribio ambayo iliruhusu ujumbe kupelekwa kwa programu nyingine badala ya kwa mtu. Hali hiyo iliwafaa watengenezaji walipokuwa wakiikagua kazi yao, lakini katika mifumo mingi iliachwa wazi hata baada ya mifumo hiyo kukabidhiwa kwa watumiaji. Njia nyingine ilikuwa kubahatisha nywila, kwa kujaribu majina ya watumiaji wenyewe pamoja na orodha ya maneno 432.

Njia yenye uzito zaidi kwa hoja hii ilihusu fingerd, programu iliyotoa taarifa kuhusu watumiaji wa kompyuta. Programu hiyo ilipokea maombi kwa kutumia gets, amri ya maktaba ya lugha ya C ambayo husoma herufi bila kukagua ukubwa wa nafasi iliyotengwa kuzihifadhi. Nafasi iliyotengwa ilikuwa ya baiti 512. Mnyoo ulituma baiti 536. Ziada hiyo ilifurika hadi kwenye sehemu ya kumbukumbu inayoielekeza kompyuta hatua ya kufuata, na hivyo mvamizi akaweza kuendesha amri zake mwenyewe.

Hatari ya aina hiyo haikuwa ngeni. Mwaka 1972, miaka 16 kabla ya tukio hilo, ripoti iliyoandaliwa na James P. Anderson kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani ilikwisha kueleza jinsi programu isiyokagua mipaka ya data inayopokea inavyoweza kumpa mtu nafasi ya kupenyeza amri zake na kuutawala mfumo. Maarifa hayo yalibaki katika ripoti, ilhali uandishi wa programu uliendelea kama kawaida.

Mwitikio wa taasisi baada ya tukio ulielekezwa pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa sheria: mwaka 1990 Morris alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Upande wa pili ulikuwa uratibu: mwezi uleule wa Novemba 1988 kituo cha CERT kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ili kushughulikia matukio ya namna hiyo. Hatua zote mbili zilikuwa na manufaa, lakini zote zilishughulikia uvamizi uliokwisha kutokea. Amri ya gets yenyewe haikuguswa. Kiwango rasmi cha kwanza cha lugha ya C, kilichoidhinishwa mwaka 1989, kiliijumuisha. Kile cha 1999 kiliibakiza. Ikaondolewa katika kile cha 2011. Ugumu ulikuwa bayana: programu nyingi zilikwisha kuandikwa kwa amri hiyo, na kuiondoa kungezifanya zisilingane tena na kiwango.

Pengo hilo kati ya kujua na kutenda lilijitokeza pia kwa upande wa mashirika yanayotumia programu. Kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya udhaifu katika mfumo wa Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, programu hasidi ya WannaCry ilienea kupitia udhaifu uleule katika kompyuta ambazo hazikuwa zimerekebishwa. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika historia hii, hata hivyo, anayeuacha ufa si yeye anayelazimika kuujenga ukuta. Mwandishi wa fingerd hakuwa msimamizi aliyekesha akisafisha kompyuta mwaka 1988, wala mgonjwa aliyerudishwa nyumbani mwaka 2017 hakuwa na sauti katika ratiba ya marekebisho. Kwa hiyo, changamoto ya usalama wa taarifa haiwezi kupimwa kwa wingi wa maarifa ya kiufundi pekee. Swali linalopaswa kuulizwa katika kila shirika ni nani anayewajibika kuuziba udhaifu pindi unapojulikana, na ndani ya muda gani.