Vizuizi vya Karantini kwa Mbegu na Viungo katika Bonde la Mbwemkuru

Vizuizi vya karantini ya mimea ni masharti ya kisheria yanayodhibiti uingizaji wa mbegu, vipando na mazao, ili visumbufu visivyokuwapo nchini visiingie pamoja navyo. Hutofautiana na vizuizi vya biashara: hivi hulinda soko, vile hulinda shamba. Ukomo wa kuingiza mbaazi uliowekwa na India mwaka 2017 uliwaumiza wakulima wa kusini mwa Tanzania, lakini haukuwa karantini. Ulihesabu tani, si wadudu.

Bonde la Mto Mbwemkuru, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, hulima korosho, ufuta, mbaazi, karanga, mahindi na mihogo. Mazao hayo hulindwa na sheria mbili. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ndiyo msingi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), inayoshughulikia visumbufu. Sheria ya Mbegu ya 2003 ndiyo msingi wa Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), inayopima uotaji, usafi na uhalisi wa aina.

Kwa matumizi, mbegu ni za namna mbili. Mbegu ya kupanda hudhibitiwa zaidi, kwa sababu kimelea kilichomo hufikishwa ardhini na mkono wa mkulima mwenyewe. Mbegu ya kuliwa, pamoja na viungo kama jira na giligilani, hupewa masharti mepesi zaidi, hasa ikiwa imesagwa au kukaangwa. Punje moja ya ufuta huweza kuwa katika kundi lolote. Kinachoamua ni kusudi lililoandikwa kwenye kibali.

Visumbufu ni vya makundi matatu. Kwanza, wadudu: dumuzi, mwenye asili ya Amerika ya Kati, alionekana Tabora karibu na mwaka 1980, na hutoboa mahindi na makopa ghalani. Pili, vimelea vya magonjwa: vingine hubebwa na mbegu, vingine havibebwi. Ukoma wa karanga, kwa mfano, huenezwa na vidukari, hivyo punje safi si kinga yake. Tatu, magugu: mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi, na hujificha katika nafaka.

Nyenzo za udhibiti ni nne: kibali cha kuingiza, kinachopatikana kabla ya mzigo kusafirishwa, cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na nchi unakotoka, ukaguzi mpakani, na hatua dhidi ya mzigo wenye kasoro, yaani kufukizwa, kurudishwa au kuteketezwa. Kwa ukanda wa kusini, milango rasmi ni pamoja na Bandari ya Mtwara na Daraja la Umoja lililo Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010. Mbegu ivukayo Mto Ruvuma mfukoni mwa msafiri haipitii nyenzo hata moja.

Vizuizi hivi huenda pande zote mbili. Australia, kwa kumhofia mdudu wa ghala aitwaye khapra, imezuia mizigo binafsi yenye jira, giligilani, karanga na mbaazi.

Karanga aina ya Nachingwea 2009, iliyotolewa na watafiti wa Naliendele, Mtwara, hufika Ruangwa bila kibali cha kuingiza. Ng'ambo, ni mbegu ngeni kama nyingine yoyote.