Dawa za Ayurveda kwa maumivu ya hedhi: zipi za jikoni, zipi za kujihadhari nazo

Katika maduka ya dawa za asili na kwa wauza viungo, hasa mijini, kuna chupa na unga kutoka India zinazouzwa kwa wanawake wenye chango wakati wa hedhi, au wanaotokwa na damu nyingi. Nyingi zimeandikwa neno Ayurveda. Je, zinafaa? Jibu letu kwa ufupi: kwa maumivu ya kawaida, sehemu iliyo nzuri ya tiba hiyo tayari unayo jikoni. Kwa damu nyingi, usitegemee chupa. Nenda ukapime.

Ayurveda ni nini?

Ni tiba ya jadi ya India, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Jina lake ni la lugha ya Kisanskriti, na maana yake ni elimu ya uhai. Nchini India kuna vyuo vinavyotoa shahada ya tiba hii, na tangu mwaka 2014 kuna wizara maalumu inayosimamia tiba za jadi.

Ayurveda hufundisha kwamba mwili unaongozwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Vata hufananishwa na upepo, nayo ndiyo inayosukuma damu ya hedhi kushuka. Ikivurugika, maumivu huja. Kwa hiyo mwanamke aliye katika siku zake huambiwa apumzike, ale chakula chepesi cha moto, anywe vinywaji vya viungo, na akandwe tumbo na kiuno kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto.

Hospitali hueleza kwa njia nyingine. Mji wa mimba hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huubana ili utoe damu. Kemikali hizo zikizidi, maumivu nayo huzidi. Maelezo ni tofauti, lakini baadhi ya mambo waliyoshauri wazee wa India yamepimwa na kuonekana yana faida.

Yanayosaidia

Tangawizi. Mwaka 2009 watafiti wa Iran walichapisha matokeo ya utafiti wa wanafunzi wa kike 150. Wapo waliopewa unga wa tangawizi, jumla ya gramu 1 kwa siku, kwa siku tatu za mwanzo wa hedhi. Wengine walipewa vidonge vya maumivu, ikiwemo ibuprofeni. Nafuu ilikuwa karibu sawa. Gramu 1 ni kama nusu kijiko cha chai cha unga. Igawe mara mbili au zaidi kwa siku, katika chai au maji ya moto. Ukipenda, weka sukari guru kidogo.

Joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, ikiwekwa chini ya kitovu, hulegeza misuli. Hakikisha haiunguzi ngozi.

Uwatu. Unga wa mbegu zake nao ulijaribiwa Iran na ukapunguza maumivu. Lakini uwatu hushusha sukari mwilini, hivyo anayetumia dawa za kisukari awe makini. Mjamzito asiutumie kama dawa. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kutumia uwatu, tangawizi au manjano kwa wingi.

Mwashoki wa nyumbani si ashoka ya dawa

Kwa damu nyingi, dawa maarufu ya Ayurveda ni gamba la mti wa ashoka, wenye maua ya rangi ya chungwa na nyekundu. Huota India na Sri Lanka, na umepungua sana porini kwa sababu ya kuchunwa magamba. Kwa kuwa umeadimika, wapo wafanyabiashara wanaouza gamba la mti mwingine kwa jina hilohilo.

Mti huo mwingine unaufahamu. Ni ule mwashoki mrefu, mwembamba, wenye majani yanayoning'inia na kingo za mawimbi, unaopandwa shuleni na maofisini. Haufanani na ashoka ya dawa ila kwa jina. Usichune gamba lake ukachemsha.

Dawa ya maji ya ashoka inayouzwa kwenye chupa hutengenezwa kwa kuchachusha, hivyo ina kilevi. Usimpe binti mdogo wala mjamzito.

Hatari ya madini

Tawi moja la Ayurveda huchanganya madini kwa makusudi, kama zebaki na risasi, baada ya kuyachoma. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi hudhuru ubongo na damu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Unga hauwezi kuutambua kwa macho wala kwa ladha. Usinunue dawa isiyo na jina la kiwanda, orodha ya vilivyomo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa Tanzania, uliza kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Wakati wa kwenda zahanati

Nenda bila kusubiri dawa ya mitishamba ukiona haya:

- Pedi moja inalowa ndani ya saa moja, kwa saa kadhaa mfululizo.
- Damu inatoka zaidi ya siku saba.
- Unapata kizunguzungu, moyo unaenda mbio, au unachoka kwa kazi ndogo. Huenda umepungukiwa damu. Omba kupimwa wingi wa damu.
- Maumivu yanaongezeka mwezi hadi mwezi, au yanaambatana na homa au uchafu wenye harufu.
- Damu inatoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa.
- Hedhi imechelewa na tumbo la chini linauma sana, hasa upande mmoja. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba, na hiyo ni dharura.

Hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza kabla ya kunywa dawa yoyote ya kuirudisha. Na kama tayari unatumia dawa ya chupa, nenda nayo kwa mhudumu wa afya aione. Usiifiche kwa kuogopa kugombezwa. Akijua ulichokunywa, atakutibu vizuri zaidi.