Shahada Iliyoasisiwa na Asiyekuwa na Shahada

Watunzi wa ushairi wana ubishi wa kale usiokwisha: je, malenga huzaliwa au hufunzwa? Mwaka huu ubishi huo umenifika nyumbani kwa mlango mwengine. Binti wa ndugu yangu, aliyemaliza kidato cha sita, alinijia na orodha ya vyuo mkononi akaniuliza: "Ami, nisomee shahada ya uandishi wa habari, au nisome jambo jengine kwanza, uandishi nije kuufunzwa kazini?" Aliniuliza mimi, ambaye lugha ninazozifasiri nilijifunza kwa kamusi na taa ya chemni, na sina shahada hata ya kutundika ukutani. Siku ile sikumjibu. Nilikwenda kuitazama historia kwanza, na jibu ninalitoa hapa kwa kuwa swali lile si lake peke yake.

Shahada hii haina umri mkubwa. Tiba na sheria zimefundishwa vyuoni kwa karne nyingi. Skuli kamili ya uandishi wa habari ndani ya chuo kikuu ilifunguliwa mwaka 1908, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Mwasisi wake, Walter Williams, alizaliwa mwaka 1864 katika mji mdogo wa Boonville, jimbo hilo hilo. Alianza kazi angali kijana, mwanagenzi katika matbaa, akipanga herufi za risasi moja baada ya moja, hadi akapanda kuwa mhariri. Chuo kikuu hakupata kukisoma. Pamoja na hayo ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa skuli ile, na mwaka 1931 akawa rais wa chuo kikuu chote.

Mtu wa namna hii angefundisha vipi? Alifundisha kama alivyofundishwa. Tarehe 14 Septemba 1908, siku ya kwanza ya masomo, ndiyo siku lilipotoka toleo la kwanza la gazeti lililoitwa University Missourian. Halikuwa jarida la kuchezea la wanafunzi. Lilikuwa gazeti la mji, lenye habari za mji, likisomwa na watu wa mji. Wanafunzi walitafuta habari, walimu wakazihariri, na saa ya kupeleka kurasa mitamboni haikumngoja mtu. Mwanafunzi aliyekosea jina la mfanyabiashara hakuishia kupata alama mbaya katika daftari; kesho yake alikutana na mwenye jina njiani. Hilo ndilo somo ambalo Williams alilitoa matbaani akalipeleka darasani.

Mwenzake katika fikra hii alikuwa Joseph Pulitzer, mzaliwa wa Makó, nchini Hungaria, aliyefika Marekani mwaka 1864 akiwa kijana wa miaka 17. Naye kazi aliianzia Missouri, mjini St. Louis, katika gazeti la Kijerumani, kabla ya kuhamia New York na kuwa miongoni mwa wenye magazeti wakubwa wa zama zake. Naye pia hakusoma chuo kikuu. Alipotaka kutoa fedha ili Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kifungue skuli ya uandishi, mwanzo alikataliwa. Na wahariri wengi walimcheka wakisema mwandishi huzaliwa, hafundishwi. Mwaka 1904 aliwajibu kwa makala ndefu, akishikilia kwamba kazi inayogusa maisha ya umma haifai kuachiwa bahati. Alifariki mwaka 1911, na skuli yake ikafunguliwa mwaka 1912.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Skuli ya New York nayo ilianza kwa kuwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, lakini mwaka 1935 iliiacha, ikawa inawapokea waliokwisha kuhitimu masomo mengine. Hoja ya njia hiyo ni kwamba mwandishi ajue jambo kwanza, iwe historia, uchumi au sheria, ndipo ajue kulieleza. Missouri haikuiacha shahada ya kwanza. Hoja yake ni kwamba mkono hujifunza ungali laini. Kila mmoja ana haki yake, nami sioni kwamba upande wowote umeushinda mwengine.

Lakini historia hii ina ukurasa mwengine, nao haupendezi. Lucile Bluford, mwanamke Mmarekani mweusi, alihitimu uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1932, akawa mhariri katika The Call, gazeti la watu weusi la Kansas City. Mwaka 1939 aliomba kusoma shahada ya uzamili katika skuli ya Missouri. Kwa karatasi zake alikubaliwa. Alipofika mwenyewe na rangi yake ikaonekana, alikataliwa. Alikwenda mahakamani zaidi ya mara moja. Shauri lilipofika Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 1941 na mlango ukaelekea kufunguka, chuo kiliifunga kozi yenyewe ya uzamili, kikitoa sababu ya vita na upungufu wa wanafunzi na walimu. Mwaka 1989 chuo hicho hicho kilimtunuku udaktari wa heshima. Miaka yote hiyo alikuwa akiandika. Skuli iliyojengwa na mtu asiyekuwa na shahada ilimfungia nje mwandishi mwenye shahada.

Kwetu nasi yapo ya kukumbuka. Hapa Unguja, miaka 20 kabla ya skuli ya Missouri, wanafunzi wa misheni ya Kiungani walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Msimulizi, lililoanza mwaka 1888. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Elimu yake ilikuwa ya dini, na kalamu aliishika kwa sababu alikuwa na neno la kuwaambia watu. Vyuo vilifuata baadaye: Nairobi mwaka 1970, Dar es Salaam mwaka 1975, na hiki cha pili kikaunganishwa na Chuo Kikuu mwaka 2003. Kisha ikaja sheria. Kanuni za mwaka 2017 za Sheria ya Huduma za Habari, ya Tanzania Bara, ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha kutambuliwa kuwa mwandishi wa habari. Kwa kipimo hicho Williams asingepewa kitambulisho, wala Pulitzer, wala Sheikh Al-Amin.

Sisemi haya ili kuibeza elimu. Mwenye kujifunza peke yake anajua vyema alichokikosa: nilikosa mtu wa kunikata sentensi ningali kijana, na makosa mengine niliyagundua nikiwa na mvi. Williams naye alikijua alichokikosa, ndiyo maana akawajengea wengine. Shahada aliifanya karakana. Hatari ni karakana kugeuzwa forodha, mahali pa kuonesha karatasi na kupita, au kuonesha karatasi na kurudishwa.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu langu ni hili. Kasome, ukipenda. Lakini kabla ya kuuliza chuo kinatoa karatasi gani, uliza kinatoa gazeti gani. Nani atakayeisoma habari yako kabla haijatoka, na nani mjini atakayekuja kukulalamikia baada ya kutoka. Ukikuta chuo ambacho hakuna hata mmoja wa hao, utarudi na shahada, na uandishi utakuwa hujauanza.